Dirisha la Sefania

Sefania alikuwa akiingia nyumbani kwako, hata hujamaliza kumwambia karibu, ameshafika dirishani analifungua. Iwe mvua, iwe ukungu wa mwezi wa saba unaoloanisha mpaka mito ya kitanda, yeye alifungua. Watu wa huku juu walimtania mpaka wakachoka. Wakampa jina, Bwana Madirisha. Watoto wakimwona anapanda kilima na begi lake la vifaa walikimbilia ndani wakipiga kelele, "Mama, vaa sweta, Bwana Madirisha anakuja!" Yeye alicheka kidogo, halafu akafungua.

Mimi sikuwahi kumcheka. Mimi ni shemeji yake, Modesta, Mama Anord mkipenda, dada mkubwa wa marehemu mke wake Glory. Na nawaambia mapema msije mkasema niliwazungusha: yule mtu alikuwa anafungua madirisha ya watu kwa sababu yangu, na kwa miaka kumi na miwili hakujua. Nilikuwa naomba Mungu nife kabla hajajua. Haya, nimesema. Sasa tulieni niwaeleze.

Sefania ni fundi friji, kwao Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto, siyo ile ya pwani. Baba yake alilima kabichi na viazi. Yeye alilikimbia jembe akaenda Tanga kujifunza ufundi, akarudi na begi. Friji za mabucha Lushoto, majokofu ya chanjo, friji za soda madukani mpaka Mtae huko, ambako gari likikwama mnashuka wote mnasukuma na mtu mzima unapakwa tope mpaka masikioni. Mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu. Glory alipomleta nyumbani nilimwambia, "Huyu mwanaume haongei, utazeeka unaongea na ukuta." Akanijibu, "Dada, si wewe upo? Wewe unaongea kwa niaba ya ukoo mzima." Ndivyo alivyokuwa mdogo wangu, mdomo tu.

Alijifungua mtoto wa kike mwezi wa saba. Kwa desturi yetu mzazi haachwi peke yake. Mama yake au dada yake anakuja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji, na chumba kinatiwa joto. Mama yetu alishakufa, kwa hiyo nikaenda mimi. Siku ya nne alasiri Sefania akaitwa Lushoto, kazi ya kukesha, friji ya bucha imekufa na nyama imo ndani. Kabla hajaondoka aliwasha jiko la mkaa, akalipepea nje mpaka likawa jekundu lote, akaliingiza chumbani kwa mke wake. Halafu akafungua dirisha, kiasi cha upana wa kiganja. Nilimwona kwa macho yangu haya. Akapima kwa kiganja chake, akaridhika, akaondoka.

Jioni ukungu ukapanda. Glory akaniita, "Dada, miguu inazizima." Basi, ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Nikafunga dirisha. Chini ya mlango upepo ulikuwa unapita, nikachukua kanga yake, nikaiviringisha, nikatia maharage mabovu ndani ili iwe nzito, nikafunga fundo huku na fundo huku, nikaisukumiza pale chini. Mama alitufundisha hivyo. Nyumba yetu yote ilikuwa na kanga za namna hiyo milangoni. Ila mimi ni mashoto, mama alinichapa weee nikagoma kubadilika, kwa hiyo fundo langu hupinda upande wake, halifanani na la mtu mwingine. Nikaenda kulala chumba cha pili nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Asubuhi sikusikia mtoto. Kwanza nikashukuru, nikasema leo kalala vizuri. Nikapika uji. Mnanisikia? Nikapika uji, nikaukoroga, nikaupoza, ndipo nikaenda kugonga.

Siku ya mazishi ya mama na mtoto wazee walimuuliza Sefania jiko aliliwasha nani. "Mimi." Na dirisha lilifungwa na nani? Unamwona anatafuta kichwani mwake. "Nilidhani nililiacha wazi," akasema. "Labda nililifunga." Na kanga mlangoni? Wakasema itakuwa Glory mwenyewe aliinuka akaziba, na Sefania akainamisha kichwa, kwa sababu hakumwonya. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, hatua tatu tu kutoka pale, na hakuna aliyeniuliza. Mdomo wangu huu unaogombana na wachuuzi wa sokoni mpaka wanapunguza bei wenyewe, siku hiyo uligoma. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho yake nikasema kesho.

Ile kanga aliichukua yeye. Akaitia kwenye begi la vifaa kama ilivyo, mafundo hayajafunguliwa, na humo ikakaa. Akija kunitengenezea friji akainama kutafuta spana, mimi naiona pembeni, rangi yake ya machungwa inazidi kupauka. Nilikuwa najitia nina kazi jikoni.

Na Glory naye hakuniachia. Kila mwaka kipupwe kikiingia, namsikia. Nikiwa napepeta maharage, nikiwa kanisani kwaya inaimba, hasa nikiwa nimenyamaza: "Dada, miguu inazizima." Siyo kwa hasira. Angenisema kwa hasira ningemjibu, tungegombana kama zamani yakaisha. Ananiomba tu. Nilimwendea mchungaji nikamwambia nasikia sauti, akaniombea vizuri sana. Sikumwambia inasema nini.

Sefania hakuoa tena. Alianza kutafuta joto lisilo na mkaa. Mafundi wenzake walipokuwa wanajenga nyumba za bati, yeye anasoma vitabu vya mashine. Akaitwa mafunzo Dar es Salaam, wiki sita, akarudi mtu mwingine kabisa, anaongea! Akaingia jikoni kwangu, akafungua dirisha, akanishika mkono akauweka nyuma ya friji.

"Dada, unasikia nini hapo?"

"Joto."

"Limetoka wapi?"

"Nitajuaje mimi? Kwenye umeme."

"Limetoka kwenye maziwa yako mle ndani. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Sasa kuna mashine, wanaiita pampu ya joto. Ni friji iliyogeuzwa. Inachota joto nje, inalimwaga ndani. Umeme kidogo, hakuna mkaa, hakuna moshi."

"Nje ya wapi, Sefania? Ya Malindi mwezi wa saba? Joto gani?"

"Lipo dada. Hata kwenye ukungu lipo. Wewe hulisikii tu."

Akanieleza habari ya gesi, na hapo ndipo alipokuwa mkali. Ujana wake, friji ikiharibika alikuwa anaifungulia gesi ya zamani ipotelee angani, anajaza nyingine. Siku hizi anasema zile gesi zinakaa juu huko miaka na miaka zinaitia dunia homa, na yeye amezimwaga nyingi kwa mikono yake. Mashine hii inatumia propani, ndugu ya gesi tunayopikia, kitu cha asili, hata ikitoka hewani haileti balaa hilo. "Lakini inashika moto," akasema, "na hii haijatiwa ile harufu ya mtungi wa jikoni. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Kwa hiyo chini pawe wazi siku zote, upepo upite."

Niliitikia ndiyo ndiyo, huku natazama lile begi.

Miaka minne alihangaika. Halmashauri, wafadhili, kamati ya zahanati. Alitaka mashine moja tu, iwekwe wodi ya wazazi ya zahanati yetu, hii iliyoko njia ya kwenda Mtae, ninakofua mashuka na kupika. Mpaka hapo tulikuwa tunachoma kuni na mkaa usiku na mchana, kilima cha nyuma kimebaki upara. Hatimaye wafadhili wakakubali. Waliziba nyufa za kuta, wakaweka dari nzito, wakatandaza paneli za jua juu ya bati, na mabomba ya maji moto yakakunjwakunjwa kila chumba chini ya dirisha. Lakini kamati ikasema: tunaipa kipupwe kimoja. Ikitushinda, tunarudi kwenye jiko la mkaa. Sefania akasikia maneno hayo akakunja uso kama mtu aliyechomwa sindano. "Haitawashinda," akasema.

Mashine ikafungwa kwenye kibanda cha tofali ubavuni mwa wodi, na chini ya kibanda pakaachwa mdomo mrefu unaotazama barazani. Siku alipoiwasha mara ya kwanza nilikuwa nimesimama pale na beseni la mashuka. Ikanguruma kidogo, halafu ikaanza kupumua. Hewa baridi ikatoka pale chini, ikanigusa vifundoni, nyembamba, haikomi. Beseni likanidondoka. Muuguzi wetu Zainabu, mtu wa Tanga mjini, yule anayevaa masweta mawili na bado anatetemeka, akanicheka: "Mama Anord, na nyie Wasambaa mnaogopa baridi? Basi mimi niandikiwe uhamisho leo leo!" Nikacheka na mimi. Nikainama kuokota mashuka.

Sefania akapigilia kibao: CHINI PASIZIBWE. Akanisomesha kwa sauti, kama mwanafunzi.

"Hiyo pumzi lazima itoke," akasema. "Ikizibwa, mashine itavuta baridi yake yenyewe, itajaa barafu, itazima. Na gesi ikivuja haitakuwa na pa kupita. Dada, wewe ndiye upo hapa kila siku. Nakukabidhi."

Mimi! Katika watu wote wa milima hii.

Mwezi wa tano ukapita salama, wa sita ukapita. Wodi ilikuwa na joto zuri la kuvua sweta, na mashuka yangu yalikauka kwa siku moja. Wazazi walianza kutoka mpaka vijiji vya mbali kuja kujifungulia kwetu. Sefania alikuwa anakuja kila Jumatano, anagusa mabomba kwa kiganja, anatabasamu peke yake. Nikaanza kufikiri, labda imetosha. Labda hili linafuta lile, na hakuna haja ya kusema kitu.

Halafu akaja Happiness. Binti mdogo, uzazi wa kwanza, amejifungua mvulana, kaletwa na mama mkwe wake Yunis, bibi mmoja mkimya wa kutoka Rangwi. Jumanne alasiri binti alichoka kulala, akatoka kukaa kwenye benchi la baraza na mtoto wake. Ukungu ulikuwa umeshuka, hata lango la zahanati huoni. Nilikuwa nakunja mashuka nimempa mgongo. Akasema, "Mama, miguu inazizima."

Sijui niwaelezeje. Sauti haikuwa ya Glory, najua. Lakini maneno ni yale yale, na yametamkwa vile vile, ya kuomba. Sikugeuka. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikachukua kanga yangu iliyokuwa begani, nikaenda stoo nikajaza maharage yaliyobunguliwa, nikaviringisha, fundo huku, fundo huku, nikaenda nikaisukumiza kwenye ule mdomo wa kibanda, kibao kikinitazama. Upepo ukakoma. Binti akasema, "Asante mama, Mungu akubariki." Nikasikia raha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile nikasikia raha, kwamba nimemsaidia. Nikaenda nyumbani.

Asubuhi nimefika, wodi ni baridi. Zainabu kavaa na blanketi juu ya masweta, simu sikioni, anamwambia Sefania mashine imezima tangu alfajiri, awahi. Nikajua papo hapo. Nikasema niende nikaitoe ile kanga kabla hajafika. Lakini Zainabu akanishika: "Mama Anord, chemsha maji haraka, wazazi wanaganda." Nikaenda jikoni, nikatia kuni, najiambia maji yakichemka tu nitapita pale. Jiko la mkaa la zamani, tuliloliacha konani, halikuwepo mahali pake. Sikuuliza limekwenda wapi.

Bibi Yunis alikuwa amelichukua. Kalipepea nyuma ya jengo mpaka likawa jekundu, kalifunika kwa kitenge, kalipitisha kwa mlango wa nyuma, kaliweka chini ya kitanda cha mkwe wake na kufunga mlango ili joto lisitoke. Angefanya nini? Mtoto ana siku tatu na ukuta unatoa maji.

Natoka jikoni na ndoo ya maji ya moto, naona Sefania anateremka kwenye bodaboda pale langoni. Akasimama. Akainua pua, akanusa mkaa. Sijawahi kumwona mtu mzima akikimbia vile. Alitupa kofia, akapita mbele ya Zainabu bila kusalimu, akaupiga teke mlango wa chumba cha Happiness, na kitu kilichofuata ni vioo. Hakufungua dirisha, alilivunja. Alitoka na mtoto mkono mmoja na mkono mwingine anamburura mama yake, na Bibi Yunis akitoka nyuma yao akiyumba, ameshika kichwa.

Happiness alitapika kwenye maua. Mtoto kanyamaza. Jamani, ule unyamavu mimi ninaujua. Sefania alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, kamweka mtoto kwenye mapaja, anamsugua mgongo na kusema, "Lia. Lia baba. Lia." Zainabu akaja na ule mpira wa kumpulizia mtoto hewa. Ndoo bado ninayo mkononi, inanichoma mguu, siisikii. Kisha yule mtoto akakohoa, akalia, kilio kibaya cha hasira, na watu wote barazani wakalia naye.

Walipowekewa hewa wote na Zainabu akasema wako salama, Sefania alikwenda kibandani. Wanakamati wawili walikuwa wameshafika, watu wamejaa. Akafungua mlango: mashine yote nyeupe, barafu imeifunika kama mche uliopigwa na jalidi. Akainama, akavuta ile kanga. Akaigeuza mkononi. Akaangalia fundo.

Zainabu naye alikuwa amewaka. "Bibi huyu huyu! Ameziba mashine, halafu akaleta mkaa! Tumesema mpaka basi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Watu wakaanza kumzomea. Bibi Yunis amekaa chini, mikono kichwani, anatikisa kichwa. "Jiko ni mimi," akasema. "Hilo lingine sijui wanangu. Sikumbuki." Akatafuta kichwani mwake, nikamwona anatafuta. "Labda ni mimi."

Sefania hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amechuchumaa, amefungua begi lake. Akaitoa ile nyingine, ya machungwa, akazilaza kanga mbili pamoja juu ya tofali. Mafundo yanapinda upande mmoja. Akainua macho, akapitisha juu ya watu mmoja mmoja, mpaka yakanifikia.

Ningeweza kukaa kimya. Bibi alishakubali, kama Sefania alivyokubali siku ile. Hatua tatu tu, kama siku ile.

"Mwacheni mama wa watu," nikasema. "Ni mimi."

"Ipi?" akauliza Sefania. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zote mbili."

Watu hawakuelewa. Sefania alikaa pale chini kwenye maji ya barafu iliyoanza kuyeyuka, suruali yake inalowa.

"Na dirisha?"

"Dirisha nililifunga mimi. Uliliacha wazi, Sefania. Kiganja kizima. Ulipima kwa mkono, nilikuona. Glory aliniambia miguu inazizima, nikalifunga, nikanyamaza. Nisamehe. Siombi unisamehe. Sijui naomba nini."

Alitazama kiganja chake. Akakifungua, akakiweka hewani mbele yake, akakipima.

"Miaka kumi na miwili," akasema, "kila siku nafunga safari kurudi kwenye lile dirisha. Sioni kama niliacha au sikuacha."

Hakunipiga, wala hakunitukana. Ningemshukuru angenitukana. Aliniomba maji ya moto ya ndoo yangu, akayamwagia mashine polepole mpaka barafu ikaanguka vipande vipande, akakagua mabomba kama hayavuji, akaiwasha. Ikanguruma, ikapumua. Wanakamati wakauliza kama imeharibika, akasema, "Mashine ni nzima. Kosa si lake." Nao wakaiacha.

Kisha akaichukua kanga mpya, akafungua mafundo, akamwaga maharage kwenye nyasi, akainyoosha na kumfunika Bibi Yunis mabegani. Ile ya Glory hakuifungua. Alikuja nayo mpaka nilipo, akaiweka mikononi mwangu.

"Nimeibeba ya kutosha," akasema. "Hii ni yako, dada."

Kwaheri hakuniambia.

Sasa ni mwaka wa pili. Zahanati mashine ipo, kibao kipo, na mtu akikaribia ule mdomo na hata leso tu namfokea mpaka anaruka. Sefania huja Jumatano, ananiambia shikamoo dada, naitikia marahaba, basi. Nasikia majirani wanasema ameacha kufungua madirisha ya watu. Anaingia, anakaa, anakunywa chai kama binadamu wengine.

Kwangu hajaingia. Akipita njia ya chini huinua macho kwenye dirisha langu, akiliona liko wazi hupita. Na liko wazi siku zote, mvua na ukungu, mwanangu Anord ananilalamikia kifua kinambana. Kanga ya Glory nimeitundika hapo kwenye msumari, nimejaribu kufungua yale mafundo, yamekaza. Mdogo wangu bado ananiambia miguu inazizima. Namjibu najua, hata yangu.